Kisu cha Mbuzi wa Ntheo

Musyoka alizikwa mwezi wa nne, nyuma ya nyumba yake ya matofali kule Mtito Andei, mahali ambapo ukitulia kidogo unasikia malori yakibadilisha gia kwenye barabara ya Mombasa. Nilienda. Hakuna aliyenialika, lakini kwetu mazishi hayangoji mwaliko, na mwanamke wa umri wangu akijifunga leso na kubeba kiti chake cha plastiki hana wa kumzuia mlangoni. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na sufuria za wali, nikiwasikiliza wapishi wakinong'ona kuhusu jeneza, kuhusu mchungaji aliyechelewa, kuhusu mjane na gauni lake jipya. Watoto wa marehemu walipoitwa mbele, wakasimama kwa mpangilio wa kuzaliwa, na macho yangu yakamng'ang'ania yule wa kwanza, mwanamume mnene mwenye mvi na mikono mikubwa ya baba yake. Nikaanza kupiga hesabu ya miaka. Mwanamke aliyeketi karibu nami akaniuliza kama marehemu alikuwa ndugu yangu. Nikamjibu kwamba tulijuana zamani, Makindu, nilipokuwa nauza dukani. Alinitazama kama mtu aliyepewa jibu nusu, kisha akaniongezea wali. Nikala, nikasalimia mjane, nikarudi kwangu, na tangu siku hiyo mwaka ule umekataa kuniacha.

Ulikuwa mwaka ambao serikali ilipiga marufuku uwindaji, na mji wote wa Makindu ulikuwa ukitazamana kwa jicho la pembeni. Tsavo iko jirani, kila familia ilikuwa na mjomba au binamu aliyejua njia za msituni, na sasa ghafla hakuna aliyejua chochote. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nikiuza katika duka la Mama Rukia, mjane mmoja wa asili ya pwani aliyezaliwa Kitui mjini na kuzungumza Kiswahili cha kwao kana kwamba bahari iko nyuma ya nyumba. Tuliuza majembe, mapanga, karai, misumari, taa za chemli na vipuri vya baiskeli. Nililala chumba cha nyuma, kitanda changu kikiwa kati ya marobota ya waya na majembe mapya yaliyopakwa grisi, hata leo nikinusa grisi nakumbuka usingizi. Asubuhi Mama Rukia alipika mahamri na mbaazi, tukala tukiwa tumeketi kwenye viti vya chini huku mlango wa duka ukiwa wazi nusu. Hapo ndipo aliponifundisha kazi. Alikuwa akiniambia nisimtazame mteja usoni, uso hauna maana, nitazame mikono yake inashika nini kwanza anapoingia. Sikuhitaji kufundishwa sana. Natoka katika nyumba ya watu wanaohesabu mbuzi mara mbili hata kama mchungaji ni mtoto wao, na nilikuwa nimebeba tabia hiyo pamoja na nguo zangu.

Visu ndivyo vilivyomsumbua Mama Rukia mwaka huo. Askari wa wanyama walikuwa wamekuja mara kadhaa kuuliza ni akina nani wananunua visu vikubwa, na yeye, ambaye hakutaka ugomvi na serikali wala na wanaume wa mji, akavitoa vyote mezani na kuvifungia ndani ya kabati la vioo. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso yake. Kila aliyetaka kisu ilibidi kwanza ajibu swali moja, cha kazi gani. Ungewasikia majibu yao. Mwanamume mzima anashika kisu cha kukunja chenye urefu wa kiganja na nusu, anasema ni cha kumenya machungwa. Mwingine alisema ni zawadi ya mkewe. Mama Rukia alikuwa anaitikia kwa upole kabisa, anauza, kisha wakiondoka ananiambia huyo chungwa lake lina miguu minne. Nilicheka sana mwaka ule, na kwa kila kicheko nilizidi kuamini kwamba watu wote wana kitu mfukoni wasichotaka ukione.

Musyoka aliingia maishani mwangu kwa kununua kamba za kufungia turubai. Alikuwa dereva wa lori la saruji, mrefu, mwenye sauti ya chini na mashati yaliyopigwa pasi, jambo ambalo lingepaswa kunishtua tangu mwanzo, maana alikuwa ananiambia analala ndani ya lori. Nilimuuliza nani anampigia pasi. Akasema kuna dobi Mtito Andei. Niliridhika, au nilijifanya nimeridhika, kwa sababu nilikuwa nimeshampenda. Nasema wazi. Nilimpenda kiasi kwamba nikisikia breki za lori nje moyo ulikuwa unaruka kabla sijatambua kama ni lake. Aliniambia amekulia barabarani, mama yake akiuza chai kwa madereva, nyama yake yote ameila hotelini, hajawahi kuchinja hata kuku, damu inamtia kizunguzungu. Kikamba chake kilikuwa cha kubahatisha na tulizungumza Kiswahili zaidi. Nilimwonea huruma kwa hilo, kijana asiye na boma, na nikaona nitakuwa boma lake.

Siku moja ya Jumapili alinipeleka kula kwenye hekalu la Masingasinga. Msafiri yeyote anayepita Makindu anajua chakula kile. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi chini pamoja na matajiri na watu wa lori, unapewa dengu, chapati na chai nzito ya maziwa, na hakuna anayekuuliza dini yako. Tulikuwa watatu, yeye, mimi na taniboi wake, msaidizi wake wa lori, mzee mmoja mkimya aliyeitwa Kimeu, ambaye alikula chapati kana kwamba anazipeleka mahali. Mwishoni tulipewa ile halua ya moto inayowekwa mkononi. Mimi niliila papo hapo. Musyoka alitoa karatasi safi mfukoni, akaifunga yake vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ni ya Kimeu. Nikamtazama Kimeu, aliyekuwa ameketi hapo hapo akilamba vidole vyake, na Kimeu akatazama viatu vilivyopangwa mlangoni. Nikamalizia chai yangu. Halua ni chakula cha watoto, na karatasi ile ilikuwa imekunjwa tayari kabla hatujaingia.

Miezi ikapita, na Musyoka akatuma wazee wawili kwetu, karibu na Mutomo, ng'ambo ya mto Athi. Baba alizungumza nao vizuri, akawapa uji, akawapa kivuli. Baadaye akaniambia kwamba mmoja wa wazee hao alipoulizwa jina la mama yake Musyoka alikohoa mpaka akaletewa maji. Hata hivyo hakukataa. Alipanga Jumamosi ya kuletwa mbuzi wa ntheo. Kwetu Ukambani hayo ndiyo mambo yenyewe. Mengine yote ni mazungumzo. Mbuzi wa ntheo akishachinjwa na kuliwa, msichana ni mke wa mtu, na hata wakiachana baadaye, watu watauliza kwanza kama ntheo ilirudishwa. Baba akaongeza sharti lake. Kijana mwenyewe ndiye atakayemchuna mbuzi na kumkata, wala si rafiki zake, na mifupa isivunjwe, viungo vifunguliwe kimoja kimoja kama mbari yetu inavyotaka. Tena aje na kisu chake, kile kikubwa cha kukunja wanachobeba wanaume, kwa sababu chuma kilicho wazi hakitaingia langoni mwake, na kisu chake yeye hakiazimwi. Mama Rukia aliposikia alicheka, akasema mkwe huyo hataki mahari, anataka mtihani.

Basi Musyoka akaja dukani kuchagua kisu. Ilikuwa mchana, baada ya wateja wa basi kuondoka. Mama Rukia akafungua kabati, akavipanga visu juu ya gazeti, na kwa mazoea tu, akamuuliza cha kazi gani. Akajibu cha mbuzi, na sote watatu tukatabasamu. Cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko vyote, kimetoka Mombasa, mpini mwekundu wenye shaba miisho yote miwili, ukikifungua springi inalia tak na unajihisi mwanamume hata kama ni mwanamke. Vijana wote walikuwa wanakitaka hicho. Cha pili kilikuwa na pete nyuma ya mpini, unaivuta ndipo kijifunge. Cha tatu kilikuwa kimekaa kabatini muda mrefu bila mtu kukigusa. Kilitengenezwa na mhunzi wa huko kwetu, bapa lake pana na jeusi lililotolewa kwenye springi ya lori, mpini wa mti usiong'arishwa, uliochanwa katikati mpaka upande wa pili, ukikiinua unaona mwanga unapita. Hakikuwa na springi hata kidogo. Kulikuwa na ulimi mdogo wa chuma nyuma ya bapa, unaubana kwa kiganja ndipo kisu kisimame. Baba alikuwa na kama hicho tangu nikiwa mtoto, nilikijua vizuri.

Nilidhani Musyoka atachukua chekundu. Hakukigusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile cheusi, akakifungua kwa mkono mmoja, akaubana ulimi kwa kiganja bila kutazama, kisha akapitisha ukucha ndani ya mpini kuona kama mwanya umefika mwisho. Akakigeuza makali yakatazama juu, kidole cha shahada kikilala juu ya mgongo wa bapa, namna mtu anavyoshika anapofungua ngozi kutoka kidarini. Mama Rukia akamwambia, kama mfanyabiashara, kwamba kile chekundu ndicho kinachopendwa.

"Hiyo ya springi ni ya maonyesho, Mama," akasema. "Mafuta ikiingia pale ndani inateleza, inakufungia vidole ukiwa katikati ya kazi. Hii unamwaga maji inapita. Na siku hiyo watu hawaangalii mbuzi, wanaangalia mikono yako tu."

Alisema hivyo akiwa amefurahi, akiwa amejisahau. Gazeti la kufungia kisu lilibaki wazi mikononi mwangu. Mama Rukia aliendelea kuvirudisha visu vingine kabatini, polepole kuliko kawaida. Nikamuuliza Musyoka nani alimwambia kwamba wanaangalia mikono. Akasema ameambiwa na wazee. Wazee gani, nikajiuliza, wale wa kukohoa? Alikiacha kisu kwangu nikipeleke kwa mtu wa kinoo akitie makali, maana alikuwa na safari ya Mombasa, akaenda zake. Jioni tukila, Mama Rukia alimega mkate, akaniwekea upande wangu, akasema, "Mwanangu, mimi sikusikia neno. Lakini kama wewe umesikia, basi sote tumesikia." Hatukulizungumza tena.

Mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani na sukari na majani ya chai. Mama alipika isyo, mahindi na maharagwe ya kwetu, nikawa jikoni nakula na wadogo zangu, moshi ukitutoa machozi. Baba na mdogo wake, Baba Mdogo Mulwa, walikuwa wakila nje, wameegemea ukuta uleule wa jiko, na ukuta wa matope una masikio pande zote mbili. Baba Mdogo alikuwa akilalamika kwamba sharti la kisu linamwonea kijana wa watu, aliyekulia barabarani, asiyejua mbuzi anaanzia wapi. Baba akacheka kile kicheko chake cha puani. Akasema hilo ndilo analolitaka. Kijana ambaye hajaoa hununua kisu kama anavyonunua viatu, hutazama kinachong'aa. Atajikata, mbuzi atatoka vipande vya ajabu, watu watacheka, wazee watamshika mkono wamalizie naye, na atapewa mke. Yeye mwenyewe alijikata kidole siku yake, na kovu analo. Lakini yule akija na kisu cha mpini wazi, na amfungue mbuzi wangu asivunje mfupa hata mmoja, akasema baba, nitamngoja amalize, anawe mikono, kisha mbele ya watu wote nitamuuliza mbuzi wa kwanza alimkatia baba mkwe yupi. Baba Mdogo akasema labda atafundishwa. Baba akasema kufundishwa kwa mdomo hakufiki mkononi. Niliisukuma sahani yangu ya isyo kwa wadogo zangu.

Nimesikia watu wakisema kwamba kushuku ni ugonjwa. Siku ile niliona ni kitu cha ukoo, kama pua. Baba alikuwa hajamwona Musyoka hata mara moja na alikuwa ameshamtegea mtego. Mimi nilikuwa nimemwona kila wiki na nilikuwa nimeshikilia ushahidi, ukiwa umefungwa kwa gazeti chini ya kitanda changu Makindu. Niliporudi dukani nilikuwa na njia mbili mbele yangu, na nilizipima usiku na mchana. Ningeweza kukaa kimya, aje na kisu kile cheusi, aaibishwe mbele ya ukoo mzima, na mimi niaibike naye. Au ningeweza kukibadilisha, nimpe kile chekundu, ajikate vidole, baba acheke, niolewe, na siri iwe yangu peke yangu mpaka nife. Nataka mnielewe kwamba njia ya pili ilinivutia sana. Kuna siku nilikitoa chekundu kabatini, nikakifungua na kukifunga, tak, tak, mpaka Mama Rukia akaniuliza kama nimegeuka askari.

Mwishowe nikaamua kumwambia kila kitu. Sikufanya hivyo ili kumwokoa, ingawa huenda yeye alidhani hivyo. Nilitaka nione atakavyofanya. Nilikuwa nimemtengenezea majibu kichwani mwangu, mazuri sana, kwa niaba yake. Nilitaka akasirike. Nilitaka aseme baba yako ana wazimu, mimi nilifundishwa na mwenye bucha pale Mtito, twende ukamuulize sasa hivi, panda lori. Nilitaka agonge meza, aseme kisu hiki nimekichagua na ndicho nitakachokuja nacho, na baba yako aulize anachotaka. Angesema lolote kati ya hayo ningemwamini, na ningekwenda Mutomo nikasimama kando yake.

Alikuja siku ya Alhamisi, mbuzi wakiwa wameshanunuliwa. Mama Rukia alikuwa ameingia ndani kuswali. Nilikiweka kile kisu cheusi mezani, kimetiwa makali, na kando yake nikaweka chekundu, kisha nikamwambia nilichosikia ukutani, neno kwa neno, bila kumlaumu na bila kuuliza swali. Nilimwambia baba anasema kisu kizuri ni cha mtu aliyewahi kuoa. Kisha nikatazama mikono yake kama nilivyofundishwa. Nje lori lake lilikuwa linanguruma, na Kimeu alikuwa anapiga honi.

Musyoka hakukasirika. Alipumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, akakisukuma kile cheusi upande wangu kwa vidole viwili. Akachukua chekundu, akakifungua, springi ikalia, akatabasamu kidogo.

"Hii iko na mfuko wake?" akauliza.

Nilimwambia upo. Nikautafuta chini ya meza, nikamkabidhi, na wakati anakiingiza kisu ndani ya mfuko nikamwambia asije Jumamosi. Alisimama, kisu mkononi, akanitazama usoni kwa muda. Nilimngoja. Ningali nasema, mpaka leo, kwamba nilimngoja kwa moyo wangu wote. Aliweka kisu juu ya meza, akavaa kofia yake, akatoka nje kwenye jua. Hakuniuliza kwa nini.